Motokaa Iliyoachwa Mtelemkoni

Mji wa Murang'a, ambao zamani za ukoloni uliitwa Fort Hall, umejengwa juu ya mgongo wa kilima, na dereva afikaye huko kwa mara ya kwanza hupata taabu kuona mahali pa tambarare pa kusimamishia motokaa yake. Mji wa Kisii ni vivyo hivyo. Hata Nairobi, ambako wageni wengi hudhani kuwa ni uwanda mtupu, kuna Valley Road na njia za Upper Hill ambazo mpanda baiskeli hushuka akasukuma. Katika mahali pa namna hii dereva huzima injini, huvuta breki ya mkono, hufunga milango, kisha huenda zake dukani au kanisani au barazani. Akirudi, hulikuta gari pale pale alipoliacha. Mazoea hayo ndiyo yanayowapumbaza watu, kwa maana gari likitoka mahali pake hata mara moja tu katika miaka kumi, siku hiyo halichagui ni nani apitaye chini yake.

Yafaa kwanza kufahamu nguvu inayolivuta. Motokaa ya kawaida ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Ikisimama penye mtelemko wa moja kwa kumi, yaani barabara inayoshuka mita moja kwa kila mita kumi, huvutwa chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 130. Ni kama kwamba gunia moja na nusu la mahindi limefungwa kamba kwenye gari hilo, nalo laning'inia mchana na usiku. Nguvu hiyo hailali wala haichoki. Chenye kuchoka ni kile kinachoizuia. Motokaa hiyo ikiponyoka, baada ya mita 10 tu itakuwa yaenda mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu akimbiaye. Baada ya mita 50 itakuwa imepita kilomita 30. Tena huja kimya kimya. Injini hainguruma, honi hailii, na mama aliyeweka mafungu yake ya nyanya kando ya njia ameigeuzia mgongo.

Sasa, breki ya mkono ni kitu gani? Katika magari mengi ni waya wa chuma tu, unaotoka kwenye mkono wa breki kati ya viti viwili vya mbele mpaka magurudumu ya nyuma. Ukivutwa, waya hubana breki za magurudumu hayo mawili, na magurudumu ya mbele hubaki huru. Waya hulegea kadiri miaka ipitavyo. Vipande vinavyobana gurudumu navyo huliwa kidogo kidogo. Mwenye gari ambaye zamani breki yake ilishika baada ya kuvuta kidogo tu, naye leo avuta mpaka mkono wasimama wima, amekwisha kupewa habari na gari lake mwenyewe, ila hakutaka kuisikia. Fundi hukaza waya huo kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo hata madereva wa miaka mingi hawalijui. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa husinyaa. Gari lililotoka safari ya vilima, likakanyagwa breki mara nyingi, hufika mjini breki zake zikiwa za moto. Dereva huvuta breki ya mkono hivyo hivyo, ikashika vizuri. Akiisha kwenda, chuma chapoa na kusinyaa, na ule mshiko hupungua pasipo mtu kugusa kitu. Ndiyo sababu gari laweza kusimama imara dakika kumi, kisha likaondoka mwenyewe akiwa amekwisha kuketi hotelini na chai imewekwa mbele yake. Watu husema ni mtoto aliyegusa, au ni jini. Hakuna aliyegusa. Atokaye safari ya namna hiyo na avute breki ya mkono kwa nguvu zaidi kuliko siku nyingine, tena asiitegemee peke yake.

Msaidizi wake wa kwanza ni gia. Gari la gia za mkono likizimwa injini na kuachwa ndani ya gia, magurudumu hayawezi kuzunguka ila yaizungushe na injini, nayo injini iliyozimwa ni nzito kuzungusha. Kanuni yake ni rahisi: kichwa cha gari kikitazama juu ya kilima, iwekwe gia ya kwanza, kikitazama chini, iwekwe gia ya kurudi nyuma. Siku zote gia huchaguliwa ile ya kwenda kinyume cha upande ambao gari latamani kukimbilia. Mwenye desturi hii hana budi kuwa na desturi ya pili, nayo ni kukanyaga klachi kabla ya kutia injini moto, ama sivyo gari litaruka na kumgonga aliye mbele.

Magari mengi yanayoletwa Kenya siku hizi kutoka Japani, yakiwa yamekwisha kutumika huko, hayana klachi. Yana mkono wa gia wenye herufi, na herufi P ndiyo ya kusimama. Wenye magari hayo hutia P, huzima, huondoka, na wengine hawajavuta breki ya mkono tangu siku waliyonunua gari. Ni vyema wajue kuwa ndani ya ile P kuna kipande kidogo cha chuma, mfano wa jino, kinachoingia katika pengo la gurudumu la meno na kulizuia. Jino hilo ni dogo sana kubeba gari zima mtelemkoni siku zote. Dereva aliyelitwika mzigo huo hulitambua atakapotaka kuondoka: mkono wa gia hukataa kutoka, kisha hutoka kwa kishindo. Taratibu iliyo bora ni kukanyaga breki ya mguu, kuvuta breki ya mkono barabara, kuitoa gia, kuinua mguu pole pole ili gari likae juu ya breki ya mkono, na baada ya hayo ndipo kutia P. Hapo jino hulinda tu, kama askari wa zamu, na mzigo huwa umebebwa na mwingine.

Habari moja kutoka Marekani yafaa kukumbukwa kwa ajili ya jambo hili. Tarehe 19 Juni, 2016, mwigizaji wa sinema aitwaye Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikutwa amekufa nje ya nyumba yake katika mji wa Los Angeles. Njia ya kuingilia nyumbani kwake ilikuwa na mtelemko mkali. Alishuka garini, nalo likarudi nyuma likambana kwenye nguzo ya matofali na uzio wa lango lake. Miezi miwili kabla ya hapo, watengenezaji wa gari la namna ile walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba magari zaidi ya milioni moja yarudishwe kutengenezwa, kwa kuwa mkono wake wa gia ulirudi katikati kila uliposukumwa, na madereva walidhani wametia P kumbe hawakutia. Kosa la fundi wa kiwandani ni kosa la fundi. Lakini mtu yeyote mwenye gari, hata liwe jipya namna gani, aweza kufanya jambo hili dogo: kabla ya kutoa mguu wake nje, ainue mguu wa breki ahesabu mpaka tatu, huku akitazama kitu kisichotembea, kama mti au nguzo ya taa. Gari likisogea, bado yumo ndani.

Lakini breki yaweza kukatika, na gia yaweza kuchomoka kwa kishindo cha gari jingine likigonga kidogo kwa nyuma. Kwa hiyo dereva mwenye busara hujiuliza: likiondoka, liende wapi? Jibu la swali hili limo katika magurudumu ya mbele, nalo halina gharama hata ya senti moja.

Kenya, kama Uingereza, magari hupita kushoto, na gari likisimama huwa kando ya ukingo wa kushoto. Ikiwa barabara ina ukingo wa mawe ulioinuka, na kichwa cha gari chatazama chini, usukani ugeuzwe kushoto na gari liachwe lisogee polepole mpaka mpira wa mbele uguse ukingo. Hapo ukingo wenyewe umekuwa kabari. Ikiwa kichwa chatazama juu, mambo hugeuka: usukani ugeuzwe kulia, kisha gari lirudi nyuma kidogo mpaka upande wa nyuma wa mpira wa mbele ukae juu ya ukingo. Wengi hukosea hapa, wakageuza kushoto katika hali zote mbili kwa kudhani kuwa kushoto ndiko kwenye usalama. Mwenye shaka na ajaribu kwa kigari cha mtoto juu ya ubao ulioinamishwa, atauona ukweli mara moja.

Pasipo ukingo wa mawe, na barabara za namna hiyo ndizo nyingi katika wilaya, usukani ugeuzwe kushoto, kichwa kikitazama juu au kikitazama chini. Gari likiponyoka litatoka nje ya barabara na kuingia majanini au kwenye ukuta wa udongo, badala ya kukata kati ya watu. Ila na itazamwe kwanza kushoto kuna nini. Katika nchi ya vilima upande mmoja wa barabara huwa ni ukuta wa udongo, na upande wa pili huwa ni bonde, na huko bondeni mara nyingi kuna nyumba, na mabati ya paa lake yako chini ya magurudumu. Mahali kama hapo hapana namna ya kugeuza usukani itakayofaa. Na aende mbele atafute pengine.

Usukani na ugeuzwe gari likiwa bado latembea kidogo kidogo. Kuugeuza kwa nguvu gari likiwa limesimama kabisa husaga mipira juu ya lami na kuchosha vyuma vya usukani.

Mji wa San Francisco, huko huko Marekani, una vilima vingi kuliko miji mingi ya dunia. Magari yake ya abiria yanayovutwa kwa kamba ya chuma yalianza kazi mwaka wa 1873, kwa sababu farasi walikuwa wakiteleza na kuumia katika mipando ile. Sehemu moja ya barabara iitwayo Filbert hupanda mita 31 na nusu kwa kila mita 100. Katika mji huo kugeuza magurudumu ni sheria: penye mtelemko uzidio mita tatu kwa mita mia, dereva aachaye magurudumu yake yamenyooka hukuta karatasi ya faini juu ya kioo, hata kama gari lake halikusogea hata kidogo. Mita tatu kwa mia ni mtelemko mdogo sana, ambao dereva wa Nairobi angeuita tambarare. Watu wa mji ule wamekwisha kujifunza kwamba gari haliangalii ukali wa mtelemko tu, laangalia na urefu wake. (Kwao magari hupita kulia, basi asomaye kanuni zao asisahau kubadili kushoto na kulia.)

Hayo ni ya usalama wa gari. Yako pia ya jirani, nayo hayapungui uzito.

Mtu apandaye kilima na mkokoteni hawezi kusimama atakapo. Mitungi ishirini ya maji ya lita 20 ni kilo 400, mbali na uzito wa mkokoteni wenyewe. Akisimama katikati ya mpando, mzigo humrudisha nyuma, na kuuondoa tena ni kazi kuliko kuendelea. Kwa hiyo huukusanya mwendo wake chini, hushika upande wa kushoto, hutazama chini, akapanda kwa pumzi moja. Basi bwana mmoja ameliweka gari lake pale pale mpando ulipo mkali kabisa, kwa kuwa duka alitakalo liko hapo. Mwenye mkokoteni hana la kufanya ila kutoka katikati ya barabara, mahali ambapo gari litelemkalo haliwezi kumwona mpaka limekaribia. Mwenye gari angaliendelea mita thelathini tu, mpaka pale njia inapolala kidogo, angalitembea kwa miguu yake miwili mitupu na mwenzake angalipita salama. Wako wapigao honi na kuwatukana watu wa mikokoteni kwa kuwa wamo katikati ya barabara. Yafaa watazame ni nani aliyewatia katikati.

Vile vile kuna watoto wa shule. Gari likipandishwa magurudumu mawili juu ya njia ya waendao kwa miguu, dereva huona amewafanyia hisani wenye magari, lakini watoto hushuka barabarani mmoja mmoja ili walizunguke, na kizee mwenye fimbo hushuka, na mtu wa kiti cha magurudumu hawezi hata kushuka. Penye mtelemko kiti cha magurudumu ni sawa na gari: kina uzito, na breki zake ni ndogo.

Nafasi kati ya gari na gari nayo huhitaji kuwa kubwa zaidi kilimani. Aliye na gari la klachi, akiondoka mpandoni, hurudi nyuma kidogo kabla injini haijashika, hasa akiwa mwanafunzi au gari likiwa limejaa watu. Yule aliyekuja akasimama nyuma yake kwa upana wa kiganja amemtegea mtego. Na iachwe nafasi ambayo mtu aweza kupita kati ya magari mawili bila kujibana, lakini mwenye kupita naye asisimame hapo kuzungumza. Kati ya gari na gari mtelemkoni si mahali pa soga, wala si mahali pa kupakia mizigo pole pole kama hakuna haja.

Milango pia ina mambo yake. Gari likitazama chini, mlango ukifunguliwa huvutwa na uzito wake ukafunguka wote kwa ghafula, na mpanda baiskeli atelemkaye hukutana nao kifuani. Likitazama juu, mlango hujifunga wenyewe, na mara nyingi vidole vinavyobanwa ni vya mtoto aliyekuwa akishuka nyuma ya mama yake. Mlango wa kilimani hushikwa kwa mkono mpaka mwisho.

Tena, mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama mtelemkoni, hata kwa dakika mbili za kununua mkate. Mtoto ameketi nyuma ya baba yake mara mia akimwona jinsi avutavyo na kuachilia ile breki. Mara baba atokapo, naye huhamia kiti cha mbele kuwa dereva. Ufunguo hutoka pamoja na mwenye gari, na mtoto hutoka pamoja na ufunguo.

Wakati wa mvua za masika kuna kosa jingine ambalo halionekani kuwa kosa. Maji ya kilima hushuka kwa mtaro ulio kando ya barabara. Magurudumu yakikaa ndani ya mtaro, takataka hunasa juu yake, maji hupanda, na muda si muda yamevuka barabara na kuingia dukani kwa mtu upande wa pili. Maji yale yale hula udongo chini ya mpira, na gari lililokuwa juu ya ardhi imara saa nne asubuhi laweza kuwa juu ya tope saa tisa. Nalo tope halijui breki: gurudumu lililofungwa kabisa huteleza juu yake kama sabuni.

Kwa sheria, haya si mapya. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, inakataza kuacha gari mahali litakapoleta hatari au kuwazuia wengine kupita. Penye kona na kileleni mwa kilima kila mwenye akili aona sababu yake: aendaye upesi kutoka upande wa pili haoni kitu mpaka amefika.

Gari likianza kuondoka na mwenyewe yuko nje, moyo wake humwambia alikimbilie alizuie kwa mikono, au ajitie mbele yake. Asifanye hivyo kamwe. Kilo 130 za kuvuta zaweza kushikwa na wanaume wawili wenye nguvu gari likiwa bado limesimama. Likiisha kupata mwendo, kilo 1,300 nzima ndizo zinazokuja, wala hapana kifua cha binadamu kinachoweza kuzipokea. Wala asiruke kwenye mlango ulio wazi, kwa maana mlango humwangusha chini ya gurudumu. Lililobaki ni sauti yake. Apige kelele kwa nguvu zake zote, watu walio chini wapate kuruka kando. Gari hununuliwa jingine, au hulipwa na bima.

Limebaki jambo la jiwe. Tangu magari yalipoanza watu wametafuta kitu cha kutia nyuma ya gurudumu. Miaka ya 1900 hivi, magari mengine ya Ulaya yalifungwa gongo chini yake, ambalo dereva aliliangusha alipopanda kilima ili lichome ardhi kama gari likitaka kurudi nyuma, kwa kuwa breki za siku zile zilishika vizuri upande mmoja tu. Katika Kenya kazi ya gongo hilo imefanywa na utingo wa lori. Lori likikwama mpandoni, huruka chini likiwa bado latembea, akiwa na gogo au jiwe mkononi, akalitupa nyuma ya gurudumu. Ni kazi ya hatari, na malori mengi na maisha mengi yameokolewa nayo.

Kabari ikifaa huwekwa upande wa chini wa gurudumu, ikagusa mpira kabisa. Jiwe lililoachwa mbali kwa shibiri moja halizuii gari, huligonga tu, nalo gari hulipanda na kulivuka. Jiwe la mviringo halifai, hubingirika pamoja na mpira. Gogo lililochongwa kwa mshazari ndilo bora, na mawili ni bora kuliko moja, nayo yawe kwenye magurudumu yaliyo na mzigo. Kuliweka, mtu husimama kando ya gari. Haingii nyuma yake.

Ubaya wa jiwe huja baada ya gari kuondoka. Lori limepata nguvu, dereva hataki kusimama tena mpandoni, utingo adandia mkiani, na jiwe labaki katikati ya njia. Katika barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa ukingoni mwa Bonde la Ufa na wafungwa wa vita Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, na katika kila mpando mrefu wa nchi hii, mtu asafiriye asubuhi aweza kuyaona mawe hayo, meusi kwa mpira, yakiwa yamepangwa mawili mawili mahali lori lilipolala usiku. Mchana dereva huyakwepa. Usiku, penye ukungu, mwenye pikipiki aliyepakia mke na mtoto hayaoni. Aliyeliweka jiwe pale amekwisha kufika Nakuru, yuko kitandani, wala hatajua kamwe.

Wako matingo walioona aibu ya jambo hili. Hutoboa gogo lao kwa moto upande mmoja, hupitisha mnyororo mwembamba, na kuufunga mwisho wa pili chini ya bodi ya lori. Lori likiondoka, gogo hufuata kwa mnyororo likiruka ruka nyuma ya gurudumu, mpaka juu ya kilima ambapo dereva husimama penye tambarare na utingo hushuka kulitundika mahali pake.